Sinia na Nyundo

Habari ya kifo cha Mwalimu Maganga ilinifikia kwenye simu, katika kundi la wachezaji wa zamani, imebanwa kati ya picha za harusi na tangazo la kiwanja kinachouzwa Kihonda. Sikuamini. Sisemi sikuamini kama watu wanavyosema misibani, kwa uchungu. Nasema nilidhani ni uongo. Mtu huyu aliwahi kumtuma mkewe aniletee taarifa kwamba amefariki, nikatoka mbio shuleni nilikokuwa nafundisha, nimejifunga kanga, nikamkuta kibarazani anakunywa uji wa ulezi. Akaniuliza mbona Waluguru siku hizi wanakuja msibani bila ndizi. Sasa mtu wa namna hiyo akifa kweli, nani atasadiki? Nikampigia Rehema. "Ni kweli?" nikamuuliza, hata sijamsalimu. "Nani kakwambia?" akajibu. Ndivyo tulivyo sisi wawili tangu tukiwa wasichana, na aliyetufanya tuwe hivyo ndiye huyo huyo tuliyekuwa tunaulizana kama kafa au hajafa.

Mimi ni Mluguru wa Mkuyuni, yeye alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, kwa hiyo tulikuwa watani. Asiyejua utani anadhani ni mzaha tu. Mtani wako anaweza kukutukana mbele za watu, akakamata kuku wako akamchinja, akaja kwenye msiba wa baba yako akamcheka marehemu, nawe huna ruhusa ya kununa. Watu husifu sana jambo hili, wanasema linapoza mioyo. Labda. Mimi nimeona upande wake mwingine, ambao sijasikia mtu akiutaja: mtani hana njia ya kukwambia jambo la kweli ukajua kwamba hili sasa ni la kweli. Mwalimu Maganga alikuwa mtani wangu na alikuwa kocha wangu, na kwa mwaka mzima sikuwahi kujua ni yupi kati yao anayesema nami. Akinisifu, nilishuku. Akinitukana, nilishuku zaidi, maana mtani hutukana bure lakini kocha hutukana kwa sababu.

Mwaka huo nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemaliza shule, sina pa kwenda, na klabu ya tenisi ya Morogoro ilinipa chumba nyuma ya jengo lake, pale mjini mlima unapoanza kupanda. Kilikuwa stoo. Dirisha lake lilitazama miteremko ya Uluguru, na asubuhi za mvua ukungu uliteremka mpaka kwenye wavu wa kiwanja cha kwanza, nasi tukawa tunasikia akina mama wanashuka na ndizi na mboga zao bila kuwaona. Ndani kulikuwa na vitanda viwili vya kamba, jiko la mkaa, ndoo, na harufu ya mipira ya zamani iliyolowana, harufu ambayo mpaka leo nikiisikia mahali popote nageuka kutazama nani yuko nyuma yangu. Ukuta wa upande mmoja ulikuwa wa mbao, na ng'ambo yake ndiyo ofisi ya katibu. Kitanda cha pili kilikuwa cha Rehema, kutoka Kingolwira, msichana mpana wa mabega, mwenye kicheko cha kuanzia tumboni, ambaye alipika vizuri kuliko mimi na alijua hivyo. Kazi zetu zilikuwa kufagia viwanja, kupiga chokaa mistari na kuosha glasi za wanachama. Malipo yetu yalikuwa kile chumba, chakula, na Mwalimu Maganga.

Basi siku moja mwanzoni mwa mwaka Mwalimu akatuita kwenye ngazi za klabu. Katibu, Bwana Salehe, alikuwa amesimama nyuma yake anachokonoa meno. Mwalimu akatwambia kwamba shirika moja kubwa la Dar es Salaam lina timu ya tenisi ya wanawake, na kabla mwaka haujaisha watu wake watakuja Morogoro kututazama tukicheza. Watakayempenda watamwajiri. Atapewa dawati, mshahara, chumba kwenye nyumba za shirika, na kila jioni atafanya mazoezi kwenye viwanja vyenye taa. Kwetu sisi, tuliokuwa tukilala na chokaa chini ya kitanda, ilikuwa kama kuambiwa kuna mlango ukutani ambao hatukuuona siku zote. "Nafasi ngapi, mwalimu?" Rehema akauliza. Mwalimu akainua kidole chake kirefu. "Moja," akasema. "Mluguru huyu asije akadhani ni mkungu wa ndizi, wa kugawana." Bwana Salehe akacheka. Mimi na Rehema tulitazamana mara moja tu, kisha kila mmoja akatazama pembeni.

Raketi zilikuja wiki chache baadaye. Mhandisi mmoja wa Kizungu aliyekuwa kwenye mradi wa maji alimaliza mkataba wake, akaiachia klabu sanduku la raketi, nyingine mpya kabisa. Mpaka hapo tulikuwa tunachezea raketi za mbao zilizopinda. Mwalimu akazimwaga zote kwenye meza ya kantini, akazitazama moja moja kama mama anayechagua nyanya, anazipima uzito, anazigonga nyuzi kwa kidole na kusikiliza. Kisha akatuita tushike. Alinifunga vidole kwenye mpini, akachukua kidole cha shahada cha mkono wangu wa pili akakipachika kati ya ncha za vidole na kiganja. Kikiingia sawasawa, alisema, mpini ni wako. Kikibana, mpini ni mwembamba. Kikicheza, mpini ni mnene, na kiwiko chako ndicho kitakacholipa. Alifanya hivyo kwangu, akafanya kwa Rehema. Halafu akampa Rehema raketi nyeusi, nzito, ya kichwa kidogo, nyuzi zimekazwa mpaka zinalia. Mimi akanipa moja nyepesi, ya kijivu, ambayo kichwa chake kilikuwa kipana mno.

"Mwalimu, hii si raketi, ni sinia," nikasema.

"Basi andalia wali," akasema. "Hiyo ndiyo saizi yako."

Msomaji wa Morogoro hahitaji kuelezwa neno hilo lilivyoniingia. Fundi nguo akisema hii ndiyo saizi yako, ni vizuri, nguo imekukaa. Lakini mtu mwingine yeyote akikwambia hivyo mjini, au akikwambia tafuta saizi yako, amekuweka chini na kukukanyaga. Mwalimu Maganga hakuwa fundi nguo. Nikamtazama usoni nione ni kocha aliyesema au ni mtani, na uso wake haukuniambia kitu. Rehema alikuwa anaipima ile nyeusi hewani, polepole, na mimi nikaipa jina hapo hapo: Nyundo. Ya bingwa alipewa Rehema. Ya kujifunzia nilipewa mimi.

Leo najua raketi, nimewachagulia watoto wa shule wengi kuliko ninavyokumbuka, na siku hizi mjukuu wangu ananionyesha kwenye simu zile za mabingwa, za rangi za kung'aa, akitaka nimnunulie. Namwambia kile Mwalimu alichoniambia siku ile nilipomfuata kulalamika. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kiwanja anakata kucha. "Wewe," akasema, "una mkono wa kubembeleza. Mpira unauweka unapotaka, ila hauendi mbali, unakufa njiani. Hiyo pana itakusukumia. Ukigonga pembeni kidogo itakusamehe. Yule mwenzako hana shida ya nguvu, shida yake nguvu zinamtoroka. Nimempa kitu cha kumzuia. Mimi namchagulia Zuhura wa leo. Zuhura wa mwakani atachaguliwa mwakani." Ni maneno ya akili, kila neno. Lakini aliponimalizia akaongeza, "Na isitoshe, Waluguru mmezoea kubeba vitu vyepesi, vizito mnawabebesha wake zenu," akacheka, na kicheko hicho kikaichafua hotuba nzima. Nikaondoka sijui nichukue lipi. Halafu akatoa amri iliyonimaliza kabisa: ni marufuku kushika raketi ya mwenzako, hata kwa kujaribu, hata mpira mmoja. Nikajiuliza, kama hakuna kinachofichwa, kwa nini marufuku?

Tangu siku hiyo chumba kilibadilika. Hatukugombana. Afadhali tungegombana. Tuliendelea kupika pamoja, ugali na dagaa, mchicha wa nazi, na nilipopata wa kuniletea kutoka Mkuyuni, ndizi za kuchemsha na pilipili. Tuliendelea kusukana nywele. Lakini kila mmoja alilala na raketi yake upande wa ukutani. Rehema akaanza kunipakulia minofu, yeye akabaki na vichwa vya samaki. Mtu mwingine angeona ni wema. Mimi nilikaa na ile sahani mapajani nikijiuliza kwa nini mtu anataka ninenepe. Nilipomuuliza akasema, "Kula, Zuhura, kwani nimekuwekea sumu?" Na mimi, nilipotaka kutia tonge mdomoni, nikasubiri kwanza yeye ameze.

Kisha nikamwona na majani. Ilikuwa alfajiri, niliamka nikamkuta ameketi kwenye ndoo iliyofunikwa, amenipa mgongo, amechemsha majani fulani na anayafunga kwenye mkono wake wa kulia kwa kitambaa, huku midomo inamchezacheza. Nilifumba macho upesi. Asubuhi alivaa shati la mikono mirefu, kwenye joto lile. Akavaa hivyo kesho yake, na siku zilizofuata. Nisingekuwa mtu wa hapa labda ningewaza mengine, lakini mimi nimekulia chini ya mlima ule, najua watu hupanda huko kutafuta nini kabla ya mechi, kabla ya mtihani na kabla ya kesi. Nikasema moyoni, amekwenda kwa mganga. Ana Nyundo, ana kocha, na sasa ana dawa. Ili kujikinga nikawa kila tukiingia kiwanjani naivuka mistari kwa mguu wa kushoto, jambo ambalo sikufundishwa na mtu, nililibuni mwenyewe, na ambalo Mwalimu alilitazama kwa muda kisha akauliza kama Waluguru wamepata ugonjwa wa nyonga.

Lakini kilichoninyima amani kabisa ni yale niliyoyasikia kupitia zile mbao. Ilikuwa jioni, namenya ndizi peke yangu, Rehema amekwenda kisimani. Ng'ambo ya ukuta Mwalimu na Bwana Salehe walikuwa wanakunywa chai, nilisikia vijiko. Bwana Salehe akasema, "Lakini si uungwana, Maganga. Waambie tu." Mwalimu akajibu, na sauti yake haikuwa na mzaha hata chembe, ndiyo maana nikaacha kisu: "Wakijua wataharibu. Wewe nyamaza. Niache niwafikishe huko ninavyojua mimi." Bwana Salehe akasema kitu ambacho sikukisikia, kiti kikaburuzwa, basi. Nilikaa pale mikono imejaa utomvu. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nimemsikia mtu huyu akisema kweli, na kweli yenyewe ilikuwa kwamba kuna jambo tunafichwa. Jambo gani? Kwangu lilikuwa wazi kabisa. Rehema ameshachaguliwa. Mimi nimepewa sinia ili nimsaidie kung'ara.

Kwa hiyo nikatengeneza mpango, na sioni haya kuusema, maana mtu yeyote mwenye akili timamu aliyesikia nilivyosikia angefanya vile vile. Niliamua kwamba siku ya wageni sitacheza na sinia. Nilijizoesha uongo wangu kwa siku nyingi nikifagia: kwamba mpini wa sinia unanichubua, kwamba nimeota ndoto mbaya, kwamba mimi na yeye ni ndugu sasa na ndugu hubadilishana vitu kwa baraka. Siku yenyewe ikafika. Asubuhi tulikuwa tunakunywa chai ya tangawizi na mihogo ya kukaanga, dirisha limefunguliwa, wapishi wa klabu wanakaanga vitunguu vya pilau ya wageni. Nikasema, "Rehema, nilikuwa nawaza, kwa leo tu, labda tungebadilishana..."

"Raketi?" akasema. "Haya."

Sikuwa nimefika hata kwenye ndoto. Alikwisha kunyoosha mkono, amelichukua sinia kutoka ukutani, analizungushazungusha, na usoni ana furaha ambayo alijitahidi sana isionekane. Nikaishika Nyundo. Ilikuwa nzito kama ahadi ya mwanasiasa, na mpini wake ulijaza kiganja changu mpaka vidole havikukutana. Nilikuwa nimepata nilichokitaka, na papo hapo nikaanza kushuku. Kwa nini amekubali upesi vile? Mtu hatoi kitu kizuri bila kuombwa mara mbili. Au na yeye amesikia kitu kupitia mbao?

Wageni walikuwa watatu, wanaume wawili na mwanamke mmoja mnene mwenye kofia nyeupe, nao waliketi kivulini kwenye viti vya kantini na soda zao. Mwalimu alikuwa amevaa suruali nyeupe ambayo sijawahi kuiona kabla wala baadaye, imepigwa pasi. Tulipotoka kwenda kiwanjani aliturushia utani wake wa kawaida, akaanza kukaa, kisha macho yake yakatua kwenye mikono yetu. Nilimwona. Alibaki nusu amekaa, nusu amesimama, mdomo wazi, na mimi nikafurahi, nikasema moyoni, leo umepatikana. Alitaka kuita. Lakini mwanamke wa kofia alimwuliza jambo, ikabidi ageuke kumjibu kwa adabu, na mwamuzi akatwambia tuanze.

Sijawahi kucheza vibaya namna ile, na nimecheza vibaya mara nyingi. Nyundo ilichelewa kila mahali. Nilipouona mpira na kuamua, mkono ulikuwa bado nyuma unavuta mzigo. Mipira yangu ilizama kwenye wavu mmoja baada ya mwingine, na iliyopita ilipita pembeni. Kubembeleza kwangu kote kukafia kwenye zile nyuzi ngumu. Kilichonishangaza ni kwamba hata hivyo sikufungwa haraka, kwa sababu ng'ambo ya wavu Rehema alikuwa na msiba wake. Nguvu zake zote alizimimina kwenye sinia, na sinia likazitupa. Mpira wake mmoja ulivuka uzio ukaenda kuangukia barabarani, mwingine ukapiga bati la kantini, wageni wakainamisha vichwa na soda zao. Mwamuzi aliita nje, wavu, nje, wavu, mpaka sauti yake ikawa ya mtu anayekariri. Nani alishinda? Rehema, nadhani, au mwamuzi alichoka tu akasema imetosha. Wageni walikula pilau, wakasifu hewa ya Morogoro, mwanamke wa kofia akatushika mikono kutupa pole, na wakasema watatujulisha. Gari lao liliposhuka kuelekea mjini tulijua wote kwamba hakuna wa kujulishwa.

Mwalimu akatujia tumekaa ukingoni mwa kiwanja. Niliisubiri hasira kwa hamu, maana hasira ingenithibitishia mengi. Akauliza swali moja tu. "Nani alibadilisha?" Mimi na Rehema tukajibu kwa pamoja, kila mmoja akimnyooshea mwenzake kidole, "Yeye." Mwalimu Maganga akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi na suruali yake nyeupe, akacheka mpaka akafunika uso kwa mikono, na mabega yakaendelea kutikisika muda mrefu baada ya sauti kuisha. Halafu akainuka, akasema, "Waluguru bwana," akaondoka. Mwezi uliofuata niliacha klabu nikaenda kusomea ualimu, na Rehema akaanza biashara ya vitenge.

Miaka hiyo yote, na ni mingi, nilikuwa na jibu langu: Mwalimu alimpendelea Rehema, mimi nikamharibia. Nilikuja kumpenda yule mzee, nilimpelekea ndizi, nilimwita mtani kwa moyo mweupe. Lakini jibu langu sikulitupa. Lilikaa tu ndani, kama jiwe kwenye kiatu cha mtu aliyeamua kutosimama.

Siku ya kuanua matanga tulikuwa tumekaa kwenye mkeka nyuma ya nyumba yake Kihonda, mimi na Rehema, tunachagua mchele. Wanawake wengine walikuwa kwenye masufuria. Rehema alikunja mkono wa gauni lake ili asichafue, nikaona kiwiko chake kilivyovimba upande mmoja. "Hicho kimepata nini?" nikasema. Akasema, "Si ile raketi." Nikauliza raketi ipi. Akaacha mchele. "Nyundo. Iliniua mkono mwaka ule wote, Zuhura. Nilikuwa nachemsha majani ya mpera alfajiri nafunga, namwomba Mungu usiamke ukaniona, ungekwenda kumwambia mwalimu kwamba nimeumia niondolewe. Nilijua kabisa alinipa mimi kile chuma ili nivunjike, wewe mwenye laini ukachukuliwe Dar. Wewe si ulikuwa mtani wake." Nikamtazama kama ananichezea. Hakuwa ananichezea. "Na minofu?" nikauliza. "Minofu gani?" "Uliyokuwa unanipa." Akafikiri, akasema, "Nilikuwa sipendi mnofu. Napenda vichwa. Mpaka leo napenda vichwa."

Ndipo Mzee Salehe akapita, aliyekuwa katibu, sasa ana fimbo na anasikia kwa sikio moja. Tulimwamkia, shikamoo, marahaba wanangu, akasogezewa kiti akaketi karibu nasi. Akatutazama mmoja mmoja, akatikisa kichwa. "Maganga aliumia sana juu yenu nyinyi," akasema. "Nafasi mbili mezani, na zote mkazikosa."

"Nafasi gani mbili, mzee?" Rehema akauliza.

"Za lile shirika. Walikuwa wanatafuta wawili, wa kucheza pamoja upande mmoja. Timu yao ilikosa jozi; siku ile walitaka tu kumpima kila mmoja peke yake. Kwani hamkujua?" Alitutazama kwa mshangao wa kweli. "Nilimwambia awaambie. Alikataa kabisa. Alisema wakijua ni mbili watalala, wataharibu. Kila mmoja akimwogopa mwenzake ndiyo wote watafika."

Nilirudi kwenye ungo, nikachagua upya punje zile zile nilizokwisha kuzichagua. Nilimshuku mtu huyu kwenye raketi maisha yangu yote, na kumbe kwenye raketi ndiko alikokuwa mkweli. Alimpa kila mtu ya kwake. Uongo wake ulikuwa kwenye kidole kile kimoja alichokiinua ngazini, nasi wenye kushuku kila kitu hatukukishuku hicho. Hakutuamini. Hilo ndilo lililoniuma, wala si ile kazi, maana kazi nilipata nyingine na nimestaafu nayo kwa heshima. Aliwatazama wasichana wawili waliokuwa wakisukana nywele, akaamua kwamba hawawezi kutakiana mema na bado wakakimbia. Na alipomaliza kutufundisha kuogopana, ni kweli, hatukuweza tena. Nilikuwa na hasira. Nilikuwa na hasira na maiti, na simjui mtu wa kumpelekea hasira ya namna hiyo.

Mbele ya nyumba wakaanza kuita. "Watani wako wapi? Waluguru wamekimbia? Marehemu ataondokaje bila matusi?" Nilikuwa nimejiandalia maneno yangu tangu nyumbani, juu ya ubahili wake na uji wake wa ulezi, maneno ya kuchekesha wafiwa kama inavyotakiwa. Niliinuka, nikapita katikati ya watu mpaka kwenye mkeka alipoketi mjane wake, na nilipofungua kinywa yale maneno hayakuwapo.

"Jamani," nikasema, "huyu mtu alikuwa mwongo!"

Watu wakaangua kicheko. Mtu akapiga kigelegele.

"Alikuwa na kazi mbili mfukoni, akatwambia ni moja! Alitugombanisha na Rehema wangu, mpaka leo tunaulizana nani kakwambia!"

Wakacheka tena. Nikawatazama, nikapaza sauti, "Sitanii!" Na hapo ndipo wakacheka kabisa, wanaume wakishikana mabega, kwa sababu hakuna mtani duniani ambaye hajawahi kusema hatanii. Mjane mwenyewe alikuwa ameinama, anajifuta macho kwa ncha ya kanga, kicheko cha kwanza alichopata tangu mumewe azikwe. "Mwambie, mtani," akasema. "Mwambie, anakusikia."

Nikamwambia. Nilimwambia kwamba tungeweza kwenda wote, mimi na Rehema, tukacheza upande mmoja chini ya taa. Nilimwambia kwamba nilimpenda na kwamba sitamsamehe, na machozi yakanitoka nikashindwa kuyazuia, nikasimama pale mbele ya watu wote nikilia kama mtoto.

"Anajua kulia huyu!" mtu mmoja akasema nyuma, na watu wakapiga makofi.